Luga Inaingia kwa Masikio



Wenzetu wengi wanajifunza luga kwa kaye: leo maneno 20, kesho 20, ni vile tu. Sisi wa kalasi ya sita tunasema hiyo haitoshi. Tuangalie mfano wa mbali, visiwa vya Hawaii, katika bahari ya Pasifiki.

Wamisionere Waprotestanti kutoka Marekani walifika kule mwaka 1820. Waliitia luga ya Kihawaii katika maandishi, na mwaka 1839 Biblia nzima ilikuwa tayari. Ni kazi ya kusifu. Lakini maandishi yale mara nyingi hayakuonyesha sauti inayokatika kooni, wala vokali ya kuvuta. Moa ni kuku. Mo'a, ukikata sauti katikati, ni kuiva. Kala ni kufungua ao kusamehe; kālā, ukivuta a zote mbili, ni pesa. Mwenye kusoma kwa macho tu atachanganya kuku na chakula kilichoiva. Mzee aliyezaliwa katika luga ile hachanganye hata kidogo.

Sheria ya mwaka 1896 iliamuru watoto wafundishwe kwa Kiingereza. Pole pole watoto waliacha luga yao. Walioishika ni wazee, na watu wa kisiwa kidogo cha Ni'ihau. Kamusi kubwa ya Pukui na Elbert ilitoka mwaka 1957. Inasaidia sana, lakini kamusi haina mdomo. Kwa hiyo mwaka 1972 Larry Kimura alianza programu ya redio, Ka Leo Hawai'i, maana yake Sauti ya Hawaii. Aliwaita wazee, wakazungumza, sauti zao zikashikwa kwenye bande. Wengi wao wamekwisha kufa, lakini hata leo wanafunzi wanawasikiliza. Wanapata neno, namna ya kulitamka, na mahali pa kuliweka.

Wengine watasema: wazee hawaseme luga safi, heri kitabu. Sisi tunakataa. Watu wa Ni'ihau mara nyingi wanasema t pale kitabu kinaandika k. Je, wamekosa? Hapana! Wao ndio wenye luga. Basi tusimcheke mwenzetu kwa Kiswahili cha kwao.

Tunaomba mambo mawili. Walimu wetu wa luga watupatie saa moja kwa juma ya kusikiliza tu, bila kuandika. Na sisi wanafunzi, wakati wa vakansi, kila mtu aketi karibu na babu ao nyanya yake, asikilize maneno 10 ya luga ya nyumbani, ayaseme mbele yake mpaka mzee akubali, ndipo ayaandike. Kitabu kitatungoja. Wazee hawatatungoja.

Kwa jina la kalasi ya sita,
Kapita wa wanafunzi