Redio Haiuawi na Umri

Mtambo wa zamani wa redio ya ridhaa ukinyamaza, hukumu hutolewa papo hapo: umezeeka, umekwisha, uuzwe kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu, upatikane mpya. Wanaosema hivyo huamini wanasema jambo la busara. Wamekosea, na kosa lao linagharimu fedha nyingi, hasa kwa mtu anayeishi mbali na maduka ya Nairobi.

Chukua Chekalini, huko Lugari, kaunti ya Kakamega. Ni nchi ya mahindi, na kila mwenyeji anajua kinu cha posho. Mkanda wa kinu ukikatika, hakuna anayetangaza kwamba kinu kimekufa. Hutafutwa mkanda, na unga hutoka jioni hiyohiyo. Redio pekee ndiyo hunyimwa haki hiyo, kwa sababu tu mkanda wake hauonekani kwa macho.

Dalili inayowadanganya wengi ni hii: redio inapokea vizuri kabisa, sauti za mbali zinaingia, lakini mwenyewe akibonyeza maikrofoni ili azungumze, taa zinafifia na mtambo unazima. Jirani anasema transista za kurushia zimeungua. Hesabu inasema jambo jingine. Mtambo wa wati 100 umeundwa kutumia volti 13.8. Unapopokea huvuta ampea mbili hivi, lakini unaporusha huweza kuvuta ampea 20. Waya mwembamba na viungo vyenye kutu vikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, volti zinazopotea wakati wa kupokea ni 0.2, kiasi kisichohisiwa. Wakati wa kurusha zinapotea volti mbili nzima. Betri ya sola yenye volti 12.5 inabaki kuupa mtambo 10.5, na mtambo hauwezi kufanya kazi hapo. Dawa yake ni waya mnene na mfupi, fyuzi iliyokaa vizuri kwenye kishikilio chake, na vichwa vya betri vilivyokwanguliwa. Transista hazina hatia.

Lawama za kelele nazo hutupiwa uzee. Redio iliyokuwa tulivu inaanza kukoroma masafa yote, na mwenyewe anaiona imechoka. Mara nyingi kilichobadilika ni nyumba, si redio: imefungwa kidhibiti kipya cha sola, au imeongezwa chaja ya simu ya bei nafuu. Vifaa hivyo vizimwe kimoja kimoja huku redio ikiendeshwa kwa betri. Kelele ikikatika, mshtakiwa amepatikana.

Hata maradhi yanayotisha yana historia na tiba. Kenwood TS-440S, mtambo wa miaka ya 1980, unajulikana duniani kote kwa kuonyesha nukta badala ya tarakimu na kukataa kupokea wala kurusha. Chanzo chake ni gundi ambayo kiwanda kiliimwaga kuzunguka sehemu inayozalisha masafa. Baada ya miaka mingi gundi hiyo huharibika na kuanza kupitisha umeme. Fundi huikwangua, hubadilisha vipuri vilivyoliwa, na tarakimu hurudi. Icom IC-751 nayo huweka programu yake kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo ya lithiamu. Betri hiyo ikiisha, programu hufutika na mtambo wote hulala kama maiti. Aliyeibadilisha mapema kwa uangalifu hakupoteza chochote, na aliyechelewa bado anaweza kufunga bodi mbadala.

Magharibi mwa Kenya kuna adui mwingine, naye hana uhusiano wowote na umri: radi. Antena iliyoachwa imeunganishwa wakati wa ngurumo huiua redio ya jana sawa na ya miaka 40. Anayechomoa waya wa antena na wa umeme kabla ya mvua kufika anafanya matengenezo ya maana kuliko mengi yanayofanywa kwa bisibisi.

Ni kweli, zipo redio zisizookolewa. Chipu iliyotengenezwa kwa mtambo mmoja tu ikiungua, au kioo cha tarakimu kikipasuka, kipuri huenda kisipatikane popote. Ni kweli pia kwamba mitambo yenye valvu kama Yaesu FT-101 hubeba mamia ya volti ndani, na kapasita zake huweza kuua hata baada ya mtambo kuchomolewa. Asiyejua kuzimaliza chaji asifungue kifuniko. Lakini hizo ni sababu za kumwita fundi anayejua. Hazihalalishi kuuzika mtambo ambao haujapimwa.

Afrika Mashariki ina sababu ya kuziheshimu redio hizi. Shirika la afya la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957, lilijenga mtandao wa redio za masafa mafupi uliounganisha hospitali za misheni na zahanati za mbali na Nairobi, na kwa redio hizo ndege ya daktari iliitwa mahali ambapo simu haikuwapo. Masafa mafupi hayahitaji mnara wa kampuni yoyote. Mtandao wa simu ukianguka, mtambo mzee wenye betri na waya mrefu juu ya miti bado unaweza kufika Nairobi, Kampala au Dar es Salaam.

Kwa hiyo aliye na mtambo wa zamani kabatini asiupeleke kwa mnunuzi wa vyuma. Atafute mita, apime volti za betri wakati wa kurusha, aangalie fyuzi, asafishe viungo, kisha apime antena. Swichi na vidhibiti vya sauti vinavyokwaruza avipulizie dawa ya kusafishia. Vyuo vya ufundi navyo viwafundishe vijana kazi hii kwa mitambo halisi. Na mwenye redio apate kwanza leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kisha arudi hewani.