Bangili ya Mpingo na Haki ya Fundi



Tunapozungumza juu ya haki katika mali ya asili, mara nyingi fikra zetu huenda kwenye malori ya magogo na mashimo ya wachimbaji. Safari hii twaomba tumtazame mtu mdogo zaidi: fundi wa mapambo anayeketi peke yake na tupa, msasa na keekee, akichonga mpingo kuwa bangili, punje za rozari, au hereni za duara mfano wa tunda la mninga. Hana kampuni wala mwajiri. Je, ana nafasi gani katika wilaya kama Namtumbo, ambayo imejaliwa misitu mingi?

Mpingo hukua polepole mno; huchukua miaka sabini na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na moto wa kiangazi huichoma miche yake mwaka hata mwaka. Kiini chake cheusi ni kizito hata huzama majini, na ndicho kinachotengenezewa ala za muziki za Ulaya kama klarineti na obo. Lakini mtengenezaji wa ala hutaka kipande kilichonyooka, kisicho na ufa wala doa, ilhali mpingo kwa kawaida huota umepinda. Hivyo sehemu kubwa ya gogo hubaki kuwa masalia. Huishia jikoni.

Kwa fundi wa mapambo, masalia hayo ni hazina. Kipande cha urefu wa kidole chamtosha kwa jozi ya hereni. Hata ule utando mweupe wa nje, ambao kiwandani hutupwa, yeye huuacha makusudi ukingoni mwa bangili ili weupe na weusi vikutane. Ni kazi ya subira: mti usipokaushwa taratibu hupasuka, na vumbi lake huwasha macho na kifua. (Mafundi wajifunge kitambaa puani, wengi hawafanyi hivyo.)

Wapo wanaosema kwamba kuhimiza mapambo ya mpingo ni kuhimiza ukataji. La hasha. Mti ulioanguka tayari hauanguki mara ya pili. Tatizo liko kwingine. Sheria yataka kibali cha kuvuna na hati ya kusafirisha mazao ya misitu, nasi hatupingi, kwa maana bila hiyo mpingo ungekwisha. Ila utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya lori humwelemea mwenye kikapu. Akishindwa, ama anaacha ufundi, ama ananunua usiku kwa mtu asiyeulizwa alikokata. Hata mataifa yamekwisha kuitambua tofauti hii. Mkataba wa CITES uliiweka jamii yote ya mpingo chini ya udhibiti mwaka 2017. Kisha mwaka 2019 wanachama wake waliamua kwamba vitu vilivyokamilika, visivyozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja, viachwe nje ya masharti. Kilo kumi ni hereni nyingi sana!

Sisi tunaona dawa iko kijijini. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake na kuusimamia. Huko Kilwa, vijiji vilivyofanya hivyo vilipata mwaka 2009 cheti cha shirika la kimataifa la FSC, kuthibitisha kwamba mpingo wao huvunwa kwa mpango. Basi kijiji kinachovuna kihalali kishindwe nini kuyatenga masalia, kuyapima kwa kilo, na kumwandikia fundi stakabadhi yenye jina la kijiji? Karatasi hiyo ingemlinda njiani, na ingempa mnunuzi wa Songea au Dar es Salaam hakika ya asili ya pambo lake.

Fundi naye ana wajibu. Namtumbo imo katika ushoroba wa tembo waendao kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji, nasi twajua yaliyowapata: mwaka 2009 katika eneo la Selous na Mikumi walihesabiwa takriban 39,000, na mwaka 2013 wakabaki kama 13,000. Bangili ya pembe ilichangia mauaji hayo, na fundi mwadilifu hagusi pembe hata aletewe kipande kidogo kama ukucha. Hali kadhalika mawe ya vito. Jirani zetu wa Tunduru wamechimba yakuti tangu katikati ya miaka ya 1990. Wanunuzi walitoka Thailand na Sri Lanka, mawe yakaenda kukatwa ng'ambo, na kandokando ya mito yakabaki mashimo. Tangu mwaka 2019 serikali imefungua masoko ya madini mikoani, kwa hiyo udhuru wa kununua jiwe gizani umepungua. Anayetia jiwe kwenye pete na aweze kusema lilitoka shimo gani.

Na sisi wanunuzi je? Twalipa bila kunung'unika mkufu wa plastiki uliosafiri bahari nzima, kisha twabishana kwa mia mbili na kijana aliyeshinda siku nzima akisugua bangili moja. Tena hatumwulizi mti umetoka wapi, bali tu kama atapunguza.

Katika mkutano ujao wa kijiji, viongozi wetu wa walei waulize jambo moja: masalia yanayobaki baada ya magogo kupakiwa ni ya nani, na kilo yake kwa fundi wa hapa ni shilingi ngapi?