Diwani Amevikwa Kilemba cha Ukoka

Bwana Mhariri,

Nina dukuduku lililonikaa moyoni tangu mvua ya masika iliyopita, au mvua ya njahi kama tuiitavyo huku kwetu, nalo ni juu ya mtu ambaye kila baada ya miaka 5 tunampigia kura, tukamwita diwani na mheshimiwa, kisha tukamnyima hata ufunguo wa ghala la majembe.

Neno hili la ufunguo si fumbo. Katika mji mmoja wa chini ya Mlima Kenya, ambao sitautaja, kuna mtaro upitao nyuma ya soko, na asubuhi moja mtaro huo uliziba kwa majani ya kabichi na mifuko, maji yakafurika mpaka penye magunia ya viazi. Akina mama, ambao walikuwa wamekwisha kulipa ushuru wa siku hiyo kabla jua halijapanda, walimpigia simu diwani, naye, nasema kwa insafu, alifika upesi akiwa na gambuti miguuni. Lakini ghala lenye mabeleshi na toroli, lililo hatua chache kutoka hapo tuliposimama, lilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao afisa wa makao makuu asiyeweza kuutoa bila ya idhini ya mkubwa wake. Diwani akaazima jembe la muuza ndizi, akaingia matopeni pamoja nasi, ndipo mama mmoja akamwuliza kwa upole, "Mheshimiwa, tulikuchagua uje na jembe la kuazima?" Hakujibu, wala mimi sikuliona jibu ambalo angeweza kulitoa.

Aghalabu tunamlaumu diwani kwa uvivu au ulafi, na wako wanaostahiki lawama hiyo. Ila ni haki tuitazame na sheria yenyewe. Katiba ya mwaka 2010 imewapa wawakilishi wa wadi, ndio hao tunaowaita madiwani, uwezo wa kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kumhoji gavana, lakini Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inamkataza kila mmoja wao kujiingiza, kwa dhahiri au kwa mzunguko, katika kazi za utendaji. Msimamizi wa wadi, ambaye ndiye aliye karibu na mitaro yetu, huajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, nao mji huwekewa bodi ambayo wajumbe wake huteuliwa, hawapigiwi kura na wakazi wote. Hivyo Kaunti ya Nyeri, yenye wadi 30, huchagua watu 30 ambao raia huwajua kwa jina, kwa nyumba na kwa nambari ya simu, ilhali wenye dhamana ya beleshi ni watu ambao raia hawajui hata ofisi zao ziko ghorofa ya ngapi.

Jambo hili lina asili yake. Baba zetu walipewa Mabaraza ya Wenyeji katika miaka ya 1920, na mwenye kiti akawa mkuu wa wilaya (DC) mwenyewe. Uhuru ulipopatikana, mabaraza ya kaunti yalisimamia shule za msingi, matibabu na barabara, mpaka sheria ya mwaka 1969 ilipoyavua kazi hizo tatu kubwa, zikahamia mikononi mwa serikali kuu mwaka 1970. Ilisemwa kwamba mabaraza yalikuwa yameelemewa na madeni, wala hilo halikuwa uzushi. Lakini dawa iliyotolewa ilizidisha maradhi, kwani diwani aliyeondolewa shule na zahanati alibaki na vibanda, vichinjio na viwanja, na mtu asiyekuwa na kazi ya heri si ajabu akajifunza kugawa viwanja. Mabaraza yote 175 ya serikali za mitaa yalipokoma mwaka 2013, walioyalilia walikuwa wachache, nami sikuwa miongoni mwao.

Wako madiwani wanaodai sasa wapewe mfuko wa fedha za wadi mikononi mwao, mfano wa ule ambao wabunge walijipatia mwaka 2003 kwa ajili ya majimbo. Hilo siliungi mkono, maana mtu hawezi kuwa mwenye duka akawa pia mkaguzi wa daftari za duka hilo. Ninaloliomba ni kwamba sheria imlazimishe msimamizi wa wadi, kila baada ya miezi 3, kufika mbele ya baraza la wazi ambalo mwenye kiti wake ni diwani, asome kwa sauti ni kazi gani zilizopangwa katika wadi hiyo, ni fedha kiasi gani zilizotoka, na ni nani aliyelipwa; na diwani akishirikiana na baraza hilo awe na uwezo wa kuamuru matengenezo madogo, kama vile mtaro, taa na choo cha soko, bila ya kungoja barua kutoka makao makuu. Zaidi ya hayo, walau nusu ya wajumbe wa bodi za miji yetu, tokea Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Embu na Meru, wachaguliwe na wakazi wenyewe. Mpaka hayo yatendeke, cheo cha diwani kitakuwa kilemba cha ukoka, kimvutiacho mwenye kukivaa na kukauka kabla ya jioni.

Vuli imekaribia, Bwana Mhariri, na kufuli lile lingali pale pale. Akina mama wa viazi wamechangishana fedha wakanunua mabeleshi 2, ambayo huyaficha chini ya meza ya mmoja wao. Na kesho asubuhi, kama desturi, watalipa ushuru.

Wako mtiifu,
Mchuuzi Mzee wa Nafaka,
Chini ya Mlima Kenya