Nani Kasema Kuchora Ni kwa Ajili ya Mtalii?

Keti kijiweni Lisekese, hapa Masasi, useme kijana wako anataka kuwa mchoraji, usikie majibu. Mchongaji wangemwelewa, maana huku ndiko kwa Wamakonde na kinyago kimesomesha watoto wengi. Lakini mchoraji? Hayo ni mambo ya Wazungu, watakwambia, na mtalii mwenyewe hapiti Masasi, sasa nani atanunua?

Hilo la Wazungu halinisumbui sana. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi akapanda hadi Newala, akawapa wapagazi na wenyeji penseli na karatasi. Walimchorea, naye akaichapisha michoro yao katika kitabu chake cha 1908. Kigeni kilikuwa penseli tu. Jandoni kwa Wayao, majirani zetu na wakwe zetu, maumbo yalikuwa yakifinyangwa ardhini na kupambwa kwa unga na mkaa. (Mambo ya jando hayasemwi ovyo, lakini haya watafiti walikwisha kuyaandika zamani.) Mojawapo ni namungumi, mnyama mkubwa wa majini, aliyeonyeshwa watoto ambao wengi wao walikuwa hawajaiona bahari. Namungumi hakutundikwa sebuleni wala hakupelekwa sokoni. Alikuwa somo. Na hata leo nyumba ya udongo ikishasiribwa upya, mwenyewe anaweza kuipaka udongo mwekundu chini na mweupe kuzunguka mlango na madirisha, wala hajamwalika mteja.

Hoja ya pesa ndiyo nzito. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru hapo jirani, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968, kwa rangi ya mafuta, kwenye vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa kujengea. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, na walionunua wengi walikuwa wageni. Mpinzani wangu hapo anapiga makofi: unaona? Naona. Ila naona pia kwamba waliokaa chini pamoja naye kujifunza walikuwa ndugu na jamaa, watu wa kusini waliofika mjini bila ajira. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa, na kazi yake haikufa. Wanafunzi wakafundisha wengine, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika wenye jina lake. Mgeni aliondoka na picha moja mkobani, ufundi ukabaki kwenye ukoo.

Ni kweli pia kwamba maduka yamejaa tembo yuleyule chini ya Kilimanjaro uleule, na picha nyingine ni mbaya, hazina hata aibu. Seremala naye hutengeneza kitanda kilekile kila wiki, na hakuna anayesema useremala ni mali ya mnunuzi.

Anayenishawishi zaidi ni George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa 1934. Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, aliingia kama mlinzi, tena akiwa tayari mchongaji. Kilichouzika alikuwa nacho mkononi: kinyago. Angeweza kutulia hapo. Badala yake mashetani wa vinyago vyake, wenye masikio mapana na matumbo yaliyofura aliwahamishia kwenye batiki, kwenye ngozi ya mbuzi, kwenye mageti ya chuma, kisha kwenye mbao za rangi kali, na kila walikohamia walikuja na vituko vipya: wanacheza ngoma, wanasengenyana, wanabebana. Kisukari kilisababisha akatwe miguu, akaendelea kuchora mpaka alipofariki 2005. Utasema alihitaji fedha za dawa, nami sibishi, nani hahitaji? Lakini fedha ya dawa angeipata kwa kurudia picha moja iliyokwisha kupendwa. Mtu anayemchorea mnunuzi peke yake hana sababu ya kujihangaisha kubuni shetani mwingine.