Ukimya wa rada si ruhusa ya kurudi nyuma

Mwaka jana mwezi wa Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa naitoa gari yangu katika lupango letu hapa Panda, Likasi. Baridi ya Juni tunaijua wote, na kioo cha nyuma kilikuwa kimejaa umande. Nikatia gia ya nyuma, gari ikaanza mlio wake, pii, pii, pii, nikaachia breki. Mama anayepanga chumba cha pili akapiga kelele: "Mwalimu, simama! Mutoto!" Nikakanyaga breki. Niliposhuka na kuzunguka nilimkuta mwanawe wa mwaka mmoja na nusu amekaa chini, hatua mbili kutoka kwenye bampa, anachota vumbi kwa kifuniko cha bidoni. Alinitazama tu, akaendelea kuchota.

Siku ile nilifundisha bila kujua ninachosema. Jioni niliamua kufunga rada ya nyuma kwenye gari.

Gari yangu ni Toyota Noah. Ilitoka Japani, ikashushwa bandari ya Dar es Salaam, ikapita Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa, kama gari nyingi za Katanga. Usukani uko kulia, na sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo macho ya dereva tayari yako upande usiowafaa. Kibaya zaidi ni ule mlio wa pii, pii. Watu wengi wanadhani ni rada. Hapana. Ni kengele ya kumkumbusha dereva kwamba gia iko nyuma, basi. Nyuma pawe uwanja mtupu, pawe kundi la watoto, italia vilevile. Niliwauliza walimu wenzangu watatu wenye gari za Japani, na wawili walikuwa wameishi miaka yote wakiamini gari inaona.

Neno rada tumelipokea kutoka kwenye Kifaransa, lakini nyingi ya rada hizi za gari zinazouzwa kwenye maboksi hazitumii mawimbi ya redio kama rada ya ndege. Zinatumia sauti. Kila sensa hupiga sauti ya mitetemo kama 40,000 kwa sekunde, mara mbili ya ile ambayo sikio la binadamu linaweza kuisikia, kisha inangoja mwangwi. Popo hufanya hivyo kila usiku juu ya miembe yetu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kitu kilicho umbali wa mita moja na nusu hurudisha mwangwi kabla sehemu moja ya mia ya sekunde haijaisha. Kisanduku kinapiga hesabu, kengele inalia. Ukisogea, inalia haraka zaidi, na ikibaki kama sentimita 30 inatoa mlio mmoja usiokatika.

Boksi nililinunua Lubumbashi kwa dola 20: sensa nne, kisanduku, kengele, waya, na msumeno mdogo wa duara unaolingana na ukubwa wa sensa. Jirani yangu fundi alisema, "Mama Mwalimu, lete, nitaifunga kwa nusu saa." Nilimshukuru nikakataa. Nilitaka kuijua.

Kazi yenyewe ilinichukua Jumamosi nzima. Kwanza niliweka mawe nyuma ya magurudumu, maana mji wetu ni wa vilima na lupango letu lina mteremko. Nikabandika utepe wa karatasi kwenye bampa, nikapima urefu wa sentimita 55 kutoka chini, nikaweka alama nne zinazoachana karibu sentimita 40. Kabla ya kutoboa nililala chini ya gari nikapapasa ndani ya bampa, kwa sababu nyuma ya plastiki kuna chuma, na tundu likiangukia kwenye chuma hicho sensa haina pa kukaa. Nikangoja jua lipashe plastiki moto, kwani plastiki yenye baridi hupasuka. Umeme ulikatika tundu la pili lilipokuwa nusu. Uliporudi ilikuwa saa tisa.

Waya nyekundu huungwa na waya ya taa nyeupe ya kurudi nyuma, ile inayopata umeme gia inapokuwa nyuma tu, na nyeusi huungwa na bodi. Waya hiyo ya taa niliitafuta kwa taa ya kupimia: ufunguo umewashwa, injini imezimwa, gia nyuma, mguu juu ya breki. Nikaunga, nikazungushia utepe wa umeme. Nilipojaribu, kengele ililia mfululizo na nyuma hapakuwa na kitu. Sensa ya tatu nilikuwa nimeipindua, mshale wake wa juu ukatazama chini, na ilikuwa inauona udongo. Nikaigeuza. Ikanyamaza.

Wengi wanamaliza hapo, wanakunja waya, wanaondoka. Mimi nadhani kazi ilikuwa ndiyo inaanza. Jumapili baada ya misa nilimwita mwanafunzi wangu wa darasa la sita, tukachora mistari ya chaki nyuma ya gari, kila nusu mita, tukaanza kuijaribu kwa vitu vya nyumbani.

Ukuta ulisikika kwenye mita moja na nusu, kama boksi lilivyoahidi. Bidoni ya maji ya lita 20 ilisikika kwenye mita moja, kisha gari ilipoikaribia mlio ukakatika: bidoni ilikuwa fupi kuliko sensa, sauti ikapita juu yake. Nondo iliyosimikwa wima haikuonekana kabisa mpaka tulipoisogeza mbele ya sensa yenyewe. Gunia la makala lilionekana kwa kuchelewa. Mfereji wa maji ya mvua haukuonekana, na hauwezi kuonekana, kwa sababu shimo halirudishi mwangwi. Mwisho tulichukua sweta la mtoto, tukalijaza vitambaa, tukalikalisha pale pale alipokuwa amekaa yule mtoto mwezi wa Juni. Nikarudisha gari polepole. Kengele haikulia. Vitambaa vinameza sauti, na mwili uliokaa chini uko chini ya sensa. Tulirudia mara tano, ikalia mara mbili.

Nilikaa kwenye kigoda nikalitazama lile sweta kwa muda mrefu. Kama ningempa gari jirani, ningeipokea jioni ikiwa na matundu manne mazuri na kengele inayolia ukutani, nami ningerudi nyuma kesho yake nikiwa na uhakika mkubwa kuliko zamani.

Kuna hesabu moja niliyoiandika ubaoni Jumatatu, na naomba kila dereva aifanye. Ukirudi nyuma kwa kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea, gari inakwenda karibu mita 1.4 kila sekunde. Rada inakuonya ikibaki mita moja na nusu. Dereva huhitaji kama sekunde moja kusikia, kuelewa na kukanyaga. Hesabu imekwisha, na gari bado haijasimama. Rada inamfaa tu anayerudi nyuma polepole kuliko mtu anayetembea.

Ukimya wake nao una maana mbili. Unaweza kuwa na maana kwamba nyuma ni peupe. Unaweza pia kuwa na maana kwamba fyuzi ya taa za nyuma imeungua, au waya imekatika, au matope mekundu ya Januari yameziba sensa. Ndani ya gari ukimya wote huo unasikika sawa. Aliyeifunga mwenyewe anajua waya inapita wapi, na atafuta sensa kwa kitambaa kila asubuhi. Aliyefungiwa hajui hata kwamba kuna cha kufutwa.

Nchi nyingine zimeichukua hatari hii kwa uzito. Marekani walipitisha sheria mwaka 2008 yenye jina la Cameron Gulbransen, mtoto wa miaka miwili aliyekufa mwaka 2002 nyumbani kwao, gari ya baba yake ikirudi nyuma. Serikali yao ilikadiria ajali kama hizo huua watu wapatao 210 kila mwaka, karibu theluthi moja wakiwa watoto chini ya miaka mitano. Tangu Mei 2018 kila gari mpya nyepesi inayotengenezwa kuuzwa kule lazima iwe na kamera ya nyuma. Gari zetu zilitengenezwa zamani kabla ya hapo, na hakuna atakayetuletea kamera nyumbani. Kinachotufikia ni boksi la dola 20, na boksi hilo lina thamani, nimeliona: limeniokoa na ukuta, na mara mbili na baiskeli za wauza makala zinazopita nyuma ya geti alfajiri. Kwa hiyo sisemi msifunge. Fungeni, na anayemwachia fundi asimame pale pale, aombe gari ijaribiwe mbele yake kwa bidoni, kwa nondo na kwa sweta, kabla ya kulipa. Fundi anayekataa kujaribu asipewe gari.

Nyumbani kwetu sasa kuna utaratibu. Gari haiwashwi mpaka niizunguke kwa miguu, na mama wa chumba cha pili asimame getini amemshika mtoto mkono. Yeye ndiye ananiambia "rudi". Kengele inakuja baada yake.

Boksi la pili liko kabatini kwangu. Shule ya chekechea ya mtaa wetu ina basi dogo linalorudi nyuma uani kila saa sita, watoto wakiwa wametoka darasani. Mwenye shule amekubali tulifunge Jumamosi ijayo, na tutalijaribu kwa sweta lile lile. Mwenye drili ya betri hapa Panda, naomba aje nayo, maana umeme hatuutegemei.