Shahada Inayoanza kwa Barua ya Kazi

Nilipokuwa mhadhiri katika chuo kimoja cha ufundi, nilipewa jukumu la kuwazuru wanafunzi wetu waliokuwa nje kwa mafunzo ya nyanjani. Siku moja nilifika katika karakana moja ya mitambo kumwona binti wa mwaka wa tatu wa uhandisi. Nilimkuta jikoni akiosha vikombe vya chai. Nilipolifungua daftari lake la kumbukumbu nilisoma kwamba wiki ile alikuwa amejifunza matengenezo ya pampu. Msimamizi wake alikuwa amekwisha kutia sahihi. Nami, naungama, nikatia yangu.

Sikufanya hivyo kwa uvivu. Nilijua kwamba nikikataa, atakayeumia si msimamizi wala kampuni, bali ni yule binti aliyekuwa akipanda matatu mbili kila asubuhi kwa nauli ya mfuko wake, na ambaye wazazi wake walikuwa wamelipa karo ya muhula huo. Kwa maneno mengine, alikuwa akilipa ili aoshe vikombe.

Kisa hicho hunirudia kila nisomapo habari za mpango ulioanzishwa England mwaka wa 2015, unaoitwa uanagenzi wa shahada. (Nasema England makusudi, kwa kuwa Scotland na Wales zina taratibu zao.) Katika mpango huo kijana haanzi kwa kutafuta chuo kisha akasubiri bahati ya kazi. Huanza kwa kuajiriwa. Hutia sahihi mkataba na kampuni, hospitali au idara ya serikali, akapangiwa mshahara usiopungua kima kilichowekwa na sheria kwa wanagenzi, halafu mwajiri wake na chuo kikuu hukubaliana jinsi atakavyosomeshwa. Wapo waendao chuoni siku moja kila wiki, wapo wakusanywao kwa majuma kadhaa mfululizo. Baada ya miaka mitatu, minne, hata sita kwa wanaosomea uanasheria, hutoka na shahada ileile wanayopewa wenzao wa darasani. Wauguzi, wahandisi na wataalamu wa tarakilishi wamefuzu kwa njia hiyo.

Huenda msomaji akauliza: je, si hayo hayo tuyafanyayo hapa kwa miezi mitatu ya mafunzo ya nyanjani? La hasha. Wengi wetu husikia habari za kazi na masomo, tukadhani kwamba jambo la maana ni kumpeleka kijana kiwandani. Kiwandani tunawapeleka tayari. Jambo la maana ni nani anayemlipa nani, na saa za masomo ni za nani. Kule karo ya mwanagenzi hailipwi naye, ilhali mwanafunzi wa kawaida hutozwa zaidi ya pauni 9,000 kwa mwaka, aghalabu kwa mkopo. Na saa za masomo ni sehemu ya saa za kazi. Katika miaka ya mwanzo kanuni ilitaka sehemu moja kwa tano ya muda wa kazi iwe ya mafunzo. Kanuni hiyo imebadilishwa zaidi ya mara moja, lakini msingi wake haukuguswa: anaposoma, yuko kazini, na mshahara wake unaendelea. Mwajiri anayemlipa mtu hivyo hawezi kumwacha jikoni na vikombe, kwani hasara ni yake.

Wala tusidhani kwamba haya ni mageni kwetu. Neno mwanagenzi ni letu. Mafundi wa majahazi wa Matondoni, kule Lamu, walifundishana kwa njia ya kumkalisha kijana kando ya fundi miaka mingi kabla ya chuo chochote cha ufundi kujengwa. Na Kenya Polytechnic, iliyofunguliwa mwaka wa 1961 na ambayo tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, iliwapokea vijana waliotumwa na waajiri wao, wakasoma kisha wakarudi kazini. Tulipoanza kuhesabu maendeleo kwa idadi ya vyuo vikuu na ya makofia ya mahafali, utaratibu huo tukauacha ufifie.

Fedha zatoka wapi? Tangu Aprili 2017, kila mwajiri wa Uingereza ambaye mishahara anayolipa kwa mwaka inapita pauni milioni 3 hutozwa ushuru wa nusu asilimia. Kwa waajiri wa England fedha hizo huwekwa katika akaunti ambayo mwajiri aweza kuitumia kwa mafunzo ya wanagenzi, na asipozitumia kwa muda uliowekwa, humpotea. Hapa kwetu Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ni ya tangu enzi za ukoloni, na ushuru tunao: mwajiri alitakiwa atoe shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Tazama hesabu hiyo. Bawabu anayelipwa shilingi 15,000 na meneja anayelipwa milioni moja wahesabiwa sawa, na kwa mwaka mzima kila mmoja analeta shilingi 600. Kwa fedha hizo kijana mmoja hawezi kulishwa chakula cha mchana kwa muhula, sembuse kusomeshwa. Kama ushuru wetu ungefuata mshahara badala ya kichwa, kampuni kubwa zingechangia kwa kadiri ya uwezo wao, na zingekuwa na sababu ya kuzidai fedha zao zirudi kwa sura ya mafundi.

Sisemi kwamba England imefika peponi. Nafasi ni chache kuliko vijana wanaozitafuta, na wachunguzi wamelalamika kwamba watoto wa maskini hawazipati kwa kiasi kilichotarajiwa. Baadhi ya kampuni ziliutumia ushuru kuwasomesha mameneja wao wa siku nyingi shahada za uzamili, hadi serikali ikaamua kwamba kuanzia Januari 2026 wanaoanza katika ngazi hiyo wasifadhiliwe ila walio chini ya miaka 22, isipokuwa wachache wenye hali maalumu. Na kusoma huku umeajiriwa ni kazi ngumu, kama ajuavyo kila mwalimu aliyesomea digrii yake wakati wa likizo.

Walimu wenzangu wana sababu nyingine ya kulishuku neno hili. Hatujasahau mgogoro wa 2024, walimu waliokwisha kufuzu na kusajiliwa walipokuwa wakifundisha sekondari msingi kwa jina la wanagenzi, na kwa posho ya takriban shilingi 20,000 kwa mwezi. Huo ulikuwa uanagenzi uliogeuzwa kichwa chini miguu juu: mtu alimaliza masomo kwanza, akajilipia, kisha akaambiwa sasa ndiyo anaanza kujifunza. Wanaosema mpango wa aina ya England utaleta vibarua wa bei rahisi wasipuuzwe. Mkataba ukikosa kutaja saa za masomo, mshahara na chuo kitakachotoa shahada, basi wana haki ya kuukataa, nami nitaukataa pamoja nao.

Yule binti alihitimu. Tulikutana miaka kadhaa baadaye, akaniambia kwamba alisaka kazi kwa miezi mingi kabla ya kuajiriwa na kampuni ambayo ilimweka mwaka mzima chini ya fundi mkongwe ambaye hakukanyaga chuo kikuu. Pampu ya kwanza kuifungua kwa mikono yake aliifungua huko, akiwa tayari na shahada ukutani na mkopo wa masomo shingoni. Aliniuliza kama nalikumbuka daftari lake. Nilimwambia nalikumbuka.