Buleusa: kwa nini TFC ya watoto wetu haimaliziki

Kila likizo kubwa wanafika kwenye mlango wa redio, na bunda la karatasi za maswali ndani ya plastiki sababu ya mvua. Ni vijana wa hapa, wanasomea Goma ao Butembo. Swali lao ni moja: redio iko na habari za zamani juu ya Buleusa? Direktere wa kazi ameomba chanzo, na hawajaona kitabu hata kimoja.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, serikali ilileta mfumo wa LMD kote inchini. Ile gradua ya miaka tatu na lisansi ya miaka mbili juu yake ziliondolewa. Sasa lisansi yenyewe ni miaka tatu, na master miaka mbili. Lakini wazazi wanaendelea kusema TFC, na mateso ya kuandika ni yaleyale. Mtoto anamaliza masomo yote, analipa yote, kisha anakaa mwaka, ao miaka mbili, juu ya kazi moja.

Watu wanasema ni uvivu. Kusema kweli, uvivu upo. Lakini angalia kwanza kile anachoombwa. Ukurasa wa kwanza tu, direktere anataka hesabu ya wakaaji, ili kijana achague watu wangapi wa kuuliza. Congo ilihesabu watu wake mara ya mwisho 1984. Baba yake huyu mwanafunzi pengine alikuwa angali mtoto! Basi kijana anaenda kwenye ofisi ya grupema ya Ikobo, anapewa hesabu fulani. Kwenye kituo cha afya anapewa ingine. Vita ikivuma upande mmoja, familia nyingi zinaingia. Kisha wiki mbili zinaondoka. Ataandika ipi? Na direktere, akiwa mjini, anaweka kalamu nyekundu pembeni.

Kisha yanakuja maswali yenyewe, na hapa ndipo wengi wanaanguka. Hapa kwetu, mtu akija na karatasi na kalamu akiuliza muko wangapi nyumbani, mnakula mara ngapi kwa siku, mama anajua jambo moja: wanaandikisha watu wa kupata msaada. Anataja watoto wote, hata wale wa dada yake. Kijana anaeleza kwamba ni masomo tu, hakuna unga wala maturubai. Mama anakasirika, naye ana haki, maana amekwisha andikwa mara nyingi bila kuona kitu. Kwa hiyo jibu linakuwa la uongo, ao hakuna jibu.

Swali la kabila ni baya zaidi. Mjini ni kisanduku cha kuweka alama. Hapa watu wanakumbuka 2016, kambi ya waliokimbia vita na mabishano kati ya jamii yaliyoumiza wengi. Ukiuliza mtu ni wa kabila gani na shamba lake lilitoka kwa nani, atakuuliza wewe kwanza: umetumwa na nani? Mwenye silaha naye anauliza vilevile, tena hapo barua ya chuo yenye muhuri haisaidii sana. Ndiyo sababu vijana wanaacha mashamba na vita, wanaandika juu ya kilimo cha mihogo. Si kosa lao. Lakini jambo linalotutesa zaidi linabaki bila mtu wa kulichunguza.

Mwaka 2025 uliongeza uzito. Mwisho wa mwezi wa kwanza Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23, benki zikafungwa, uwanja wa ndege pia. Tarehe 19 mwezi wa tatu walifika Walikale-centre, kisha wakatoka mwanzoni mwa mwezi uliofuata. Mwanafunzi aliyekuwa mashambani akiuliza watu hawezi kurudi mjini kirahisi. Direktere wake pengine amehama. Feza za kulipa utetezi zinapita kwa simu, kama zipo.

Hapo ndipo sekretaria publiki inakuwa mlango wa mwisho. Kuna wanaopiga mashine, na kuna wanaouza kazi iliyokwisha tetewa: unabadilisha tu jina la kijiji. Mimi sikuenda chuo kikuu, nilisoma sekondari na mafunzo mafupi ya redio, lakini hili naliona wazi: mtu anayeweka Buleusa pahali pa Lubero ndani ya kazi yake, kesho ndiye ataandika mradi wa maji wa hapa. Atachimba kisima kwa hesabu za kijiji kingine.

Kuna kitu kinachowezekana bila feza nyingi. Kijana apite kwanza kwa shefu na kwa wazee, hata kanisani, aeleze mbele ya watu wote kwamba hakuna msaada. Aache majina. Swali la kabila aliondoe, kama kazi inaweza kusimama bila lenyewe. Na akimaliza, arudishe kopi moja Buleusa, ili yule wa mwaka ujao asianze na mikono mitupu.

Sisi kwenye redio tumejibu maswali ya wengi. Kopi hatujapokea hata moja. Mliokwisha tetea, tumeni hata kwa simu, tutachapisha sisi wenyewe.